UZI: Kugundua kiharusi ndani ya saa ya kwanza kwa panya na paka kwa MRI ya mtawanyiko: vipimo, mipangilio na makosa

Nyuzi37 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya picha za kiharusi kwa wanyama wa maabara yametapakaa kwenye nyuzi nyingi, na majibu karibu yote yanaishia "piga DWI (picha ya MRI ya mtawanyiko wa maji), panapong'aa ndipo penye kiharusi". Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoharibu majaribio, kwa hiyo tuikusanye hapa. Tunazungumzia kiharusi cha kuziba mshipa, si cha damu kuvuja.

Msingi kwanza. Paka ndio waliofungua njia. Mwaka 1990 Michael Moseley na wenzake pale Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliziba ateri ya kati ya ubongo ya paka upande mmoja na kuwapiga picha kwa sumaku ya Tesla 2. Kwa thamani ya b (ukali wa kupima mtawanyiko) iliyofika 1413 s/mm², eneo lenye shida liling'aa kufikia dakika ya 45. Picha za T2 (aina ya kawaida ya MRI, inayoonyesha maji yaliyoongezeka) za wanyama walewale hazikuonyesha jeraha waziwazi hadi saa 2 au 3 baada ya kuziba. Tena walipima fosforasi na hidrojeni kwa spektroskopia, na mng'ao ule ukaendana na kuyumba kwa nishati ya seli. Yaani picha ilikuwa inaona seli ikiishiwa nguvu, si maiti ya seli.

Kwa nini mtawanyiko uwahi kuliko T2? Damu ikikatika, ATP (nishati ya seli) inaisha, pampu za sodiamu na potasiamu zinasimama, sodiamu inaingia ndani ya seli na maji yanaifuata. Seli zinavimba na nafasi kati ya seli, ambayo kwa kawaida ni kama 20% ya ujazo wa ubongo, inabanwa hadi nusu yake au chini ya hapo. Molekuli za maji zinakosa pa kutembea, ADC (kipimo cha mtawanyiko wa maji ndani ya tishu) inashuka ndani ya dakika chache. Lakini jumla ya maji bado haijabadilika: yamehama chumba tu, nyumba ni ileile. T2 inasubiri hadi maji mapya yaingie kutoka kwenye mishipa, na hilo linachukua saa kadhaa.

Namba za kukaa kichwani (zote × 10⁻³ mm²/s, kuanzia hapa nitaandika namba tupu): mada ya kijivu ya panya mzima 0.7 hadi 0.8, kiini cha kiharusi 0.4 hadi 0.5, maji ya ventrikali (mashimo ya maji ndani ya ubongo) 2 na zaidi.

Anayejua mashine aanze.

---

Koili_Ndogo

Nashukuru kwa kuanzisha, mkuu. Mpangilio wa kuanzia kwa panya mkubwa wa maabara wa gramu 250 hadi 350 kwenye sumaku ya Tesla 7:

EPI (mbinu ya picha za haraka) ya mwangwi wa spini, mikupuo 4, TR (muda wa kurudia) 3000 ms, TE (muda wa kusubiri mwangwi) karibu 30 ms, uwanja wa picha 25.6 × 25.6 mm, matriki 128 × 128, kipande cha mm 1 bila mwanya, vipande 12 hadi 16. b ya 0 na ya 1000, pande tatu zenye pembe mraba, wastani mara 4. Hesabu ya muda: mikupuo 4 × sekunde 3 × picha 4 (b0 moja na pande tatu) × wastani 4 = sekunde 192. Dakika tatu na kidogo, inarudiwa kila nusu saa bila tabu.

Pande tatu si anasa. Nyuzi za mada nyeupe zinapitisha maji vizuri kwa urefu na vibaya kwa upana. Ukipima upande mmoja tu, korpasi kalosamu au kapsuli ya ndani itang'aa kama kiharusi kwa sababu tu gradienti (uga wa sumaku unaopima mtawanyiko) imekatiza nyuzi kwa upana. Chukua wastani wa pande tatu na mng'ao huo wa uongo unaondoka.

Mikupuo mingi inapunguza kupinda kwa picha karibu na masikio, ila ina bei yake. Kila mkupuo unabeba hitilafu ya fezi yake kulingana na mnyama alivyosogea wakati ule, na gradienti za mtawanyiko zinakuza msogeo hata wa mikroni chache. Bila mwangwi wa kuongoza wa kusahihisha fezi hiyo utaona mizimu: nakala hafifu za ubongo zimepangana kuelekea upande wa usimbaji fezi. Funga kichwa kwa pini za plastiki za masikio na kishikio cha meno, na kama mashine inaruhusu, anzisha kila mkupuo kwa pumzi.

Hewa ndani ya tundu la sikio inapindisha uga na kukata sehemu za chini za gamba la ubongo upande kwa upande. Jaza sikio kwa jeli isiyo na viputo, kisha sawazisha uga kwa ramani ya uga juu ya ubongo peke yake, usiuachie usawazishaji wa kichwa kizima ujumuishe misuli ya taya.

---

MbishiWaMaabara

Wakuu mnisamehe, lakini kama eneo linang'aa na mshipa tumeuziba wenyewe kwa mikono yetu, ramani ya ADC ya nini? Si kuongeza kazi tu?

---

Nyuzi37

Mbishi, chukua kalamu.

Ishara ya DWI ni S0 (ishara ya b0) mara e ya hasi b × ADC. Kwa b ya 1000, tishu nzima yenye 0.75 inabakiza 0.47 ya ishara. Tishu ya kiharusi yenye 0.45 inabakiza 0.64. Mgao wa pili kwa wa kwanza ni 1.35. Eneo linang'aa kwa 35%, raha tupu.

Sasa chukua eneo ambalo ADC yake haijabadilika hata kidogo, ila T2 (muda wa ishara kufifia) imepanda kutoka ms 50 hadi ms 65, labda ni uvimbe wa zamani au jeraha la upasuaji. Kwa TE ya ms 65, tishu nzima inabakiza e⁻¹·³, sawa na 0.27, na hilo eneo linabakiza e⁻¹, sawa na 0.37. Mgao: 1.35. Namba ileile! Jicho halitaona tofauti kati ya hivyo viwili.

Kwa TE ya ms 30 mng'ao huo wa T2 unapungua hadi kama 1.15, ndiyo maana TE fupi ni dhahabu. Lakini kinachouondoa kabisa ni kugawanya kwa b0 na kutoa ramani ya ADC. Kiharusi kipya ni cheupe kwenye DWI na cheusi kwenye ADC. Cheupe kwenye vyote viwili si kiharusi cha saa ya kwanza.

---

MbishiWaMaabara

Nimenyamaza 😅

---

FundiMishipa

Upande wa upasuaji niachieni, kwa sababu robo tatu ya "DWI haikuonyesha kitu" inaanzia hapa, mashine haina kosa.

Njia ya kawaida kwa panya ni kuingiza uzi wa nailoni (si uzi huu wetu wa maneno) kupitia ateri ya karotidi hadi uzibe mlango wa ateri ya kati ya ubongo. Koizumi na wenzake Japani walieleza ya kwao mwaka 1986, Longa na wenzake Marekani mwaka 1989. Tofauti inayowahusu wapiga picha: Koizumi anaingilia karotidi ya pamoja na kuifunga, Longa anaingilia kisiki cha karotidi ya nje, hivyo uzi ukitolewa damu inarudi kwa njia yake ya asili. Anayetaka kupima kurudi kwa damu achague ya pili.

Vipimo: panya wa gramu 250 hadi 350, uzi namba 4-0, ncha yenye silikoni ya mm 0.35 hadi 0.41, unaingia mm 18 hadi 20 kutoka njia panda ya karotidi. Panya mdogo wa gramu 20 hadi 28, uzi namba 6-0 au 7-0, ncha mm 0.19 hadi 0.23, mm 9 hadi 11. Ncha isiyopakwa silikoni, ile ya kuyeyusha kwa moto, inatoboa kirahisi na kipenyo chake hakilingani kati ya uzi na uzi.

Yanayoharibika:

Uzi unakwama mapema na ukisukuma unapinda. Umeingia ateri ya terigopalatini badala ya kupanda ubongoni. Rudisha nyuma, geuza ncha kuelekea katikati ya mwili, jaribu tena. Wengine huifunga kabisa ateri hiyo kabla ya kuanza.

Uzi umepita bila ukinzani wowote na umezidi mm 20. Umetoboa. Damu imemwagika chini ya utando wa ubongo, na mnyama huyo hafai tena, hata kama DWI yake inavutia. Picha ya T2* inaiona damu hiyo kama giza chini ya ubongo, hivyo ipigwe kwa kila mnyama, dakika mbili tu.

Mtiririko haukushuka vya kutosha. Weka kipimo cha leza cha dopla juu ya fuvu, eneo la ateri ya kati, na usikubali chini ya mshuko wa 70% kutoka mwanzo. Ukishuka 50% tu, uzi haujafika au ncha ni nyembamba kwa mnyama huyo.

Kuhusu panya wadogo wa ukoo wa C57BL/6: ateri zao za kuunganisha za nyuma hutofautiana sana kati ya mnyama na mnyama, wengine hawana upande mmoja. Ukubwa wa kiharusi utayumba hata mkono uwe wa jiwe.

---

Koili_Ndogo

Naongezea kwa FundiMishipa: klipu za chuma zitoke ZOTE kabla mnyama hajaingia kwenye sumaku. Si suala la picha kuharibika tu, chuma kinavutwa na kinaweza kurarua ateri. Funga kwa hariri. Kama mnaziba mshipa mnyama akiwa ndani ya sumaku, ule uzi uunganishwe na mrija wa plastiki mrefu unaosukumwa kutoka nje, na alama ya mm iwekwe kwenye mrija. Faida yake kubwa: unapata picha ya kabla ya kuziba kwa mnyama yuleyule, bila kumsogeza.

---

Nyuzi37

Jina langu si la bure, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo: joto.

Mtawanyiko wa maji unabadilika kama 2 hadi 2.5% kwa kila nyuzi moja. Mnyama akipoa kutoka 37 hadi 35, ADC ya ubongo mzima inashuka karibu 5%, kutoka 0.75 hadi 0.71. Haitoshi kutengeneza kiharusi cha uongo kwenye kiini, ila kwenye ukingo, ambako tishu iko 0.55 au 0.56, inatosha kusukuma mamia ya vokseli (vijisanduku vya picha) chini ya kizingiti, yaani ADC ambayo chini yake tishu inahesabiwa ya kiharusi. Halafu mtu anaandika kwamba jeraha limekua.

Na ubaridi unakinga ubongo. Kwa hiyo mnyama aliyepoa anaonyesha eneo kubwa mapema na jeraha dogo kesho yake. Mchanganyiko mbaya kabisa kwa anayepima dawa.

Upande wa pili: ule uzi unaziba pia vijiateri vya haipothalamasi (sehemu ya ubongo inayotawala joto), na panya walioziba kwa saa moja na nusu hivi wakizinduka hupanda wenyewe hadi nyuzi 39 au 40. Joto hilo linakuza kiharusi. Kipima joto cha njia ya haja, blanketi la maji moto lenye udhibiti wa kujirudisha, 37 ± 0.5 wakati wote, na uendelee kupima saa kadhaa baada ya mnyama kuamka.

Dawa ya usingizi: isoflurani 4 hadi 5% kumlaza, 1.5 hadi 2% kumshikilia, mapumuzi 50 hadi 70 kwa dakika kwa panya mkubwa. Kumbukeni isoflurani inapanua mishipa ya ubongo. Mtiririko wa upande mzima utakuwa juu kuliko wa mnyama aliye macho, na gesi yenyewe ina kinga kiasi kwa seli. Iwe sawa kwa makundi yote, kwa asilimia na kwa dakika.

---

Takwimu_Tu

Nasubiri mtu ataje kizingiti maana naona kimepita kimyakimya.

Namba inayonukuliwa sana kwa panya ni 0.53 kwa ADC na 0.3 ml kwa gramu kwa dakika kwa mtiririko wa damu, zilizotoka kwenye kazi ya Meng, Fisher, Duong na wenzao ya mwaka 2004. Ni kama mshuko wa 30% wa ADC na zaidi kidogo ya nusu ya mtiririko. Waliziweka kwa kulinganisha picha za mapema na jeraha la siku iliyofuata.

Watu wanaibeba 0.53 kama amri. Si amri. Ni namba ya aina yao ya panya, joto lao, b yao, pande zao za gradienti. Ukibadilisha b kutoka 1000 hadi 1500 namba zinasogea, kwa sababu ndani ya tishu ishara haishuki kwa mstari mmoja ulionyooka. Njia salama zaidi ni kutumia upande mzima wa mnyama yuleyule: kizingiti kiwe 70% ya wastani wa eneo linalotazamana nalo. Hitilafu za joto na za mashine zinakatana zenyewe.

Hilo lina mtego wake pia. Kama kichwa kimelala pembeni kidogo, kioo chako kinalinganisha striatamu (sehemu ya ndani ya ubongo) ya kushoto na gamba la ubongo la kulia. Nyoosha picha kwanza.

Ondoa vokseli za maji ya ubongo kabla ya kuhesabu. Vokseli iliyochanganya ventrikali na tishu ya kiharusi itaonekana nzima, kwa kuwa maji ya 2 na zaidi yanainua wastani.

---

MbishiWaMaabara

Na huu mtiririko wa damu unahitajika kweli? ADC si inatosha kusema kiharusi kipo?

---

Takwimu_Tu

Kusema kipo, inatosha. Kusema nini bado kinaokoleka, haitoshi.

Ukiweka ramani mbili juu ya nyingine, eneo lenye mtiririko mdogo huwa kubwa kuliko eneo la ADC iliyoshuka. Tofauti hiyo ndiyo penumbra kwa makadirio: tishu iliyonyamaza kwa njaa ila pampu zake bado zinajikongoja. Wazo lenyewe lilitangulia picha. Astrup, Siesjö na Symon waliliandika mwaka 1981 wakionyesha kwamba umeme wa ubongo unazimika kwenye mtiririko wa juu kuliko ule unaoangusha utando wa seli. Kwa panya aliyezibwa moja kwa moja, tofauti ya ramani hizo inaliwa na karibu kuisha ndani ya saa 3 hivi. Dawa inayosifiwa kuokoa penumbra lakini inatolewa saa ya nne kwa panya wa aina hiyo inaokoa nini?

Kupima: alama ya damu kwa mawimbi shingoni, bila kuchoma sindano, na inarudiwa utakavyo. Tahadhari mbili. Damu inayofika eneo la kiharusi inapita njia za kuzunguka na inachelewa. Kama muda wa kusubiri baada ya kuweka alama ni mfupi, alama haijafika na utasoma sifuri pasipo na sifuri. Pili, kama karotidi ya pamoja imefungwa upande mmoja, alama ya upande huo inapungua hata kwenye tishu isiyo na tatizo. Mbadala ni gadolini (dawa ya kuonyesha damu kwenye picha) kwa mshipa wa mkia, 0.1 hadi 0.3 mmol kwa kilo, sindano ya haraka na EPI ya T2* inayopiga kila sekunde moja au chini. Hiyo hairudiwi mara nyingi kwa siku moja.

---

SerebelaVet

Wadau, nawaleta nje ya maabara kidogo, kwa mbwa wa kliniki. Huko hakuna saa ya kuziba inayojulikana. Mwenye mbwa anasema "ameanguka asubuhi", basi.

Dalili inayoelekeza ni kuja ghafla kisha kutoendelea kuwa mbaya baada ya siku ya kwanza. Mbwa aina ya Cavalier King Charles na Greyhound wanajulikana kwa kuziba ateri ya mbele ya serebela (ubongo mdogo wa nyuma): kichwa kimeinama, anayumba upande, macho yanacheza. Kwenye picha ni kabari yenye mpaka mkali, upande mmoja, ndani ya eneo la ateri moja. Uvimbe wa kansa hauheshimu mpaka wa ateri.

Kwa mashine ya Tesla 1.5, DWI ya b 800 hadi 1000 pamoja na ramani ya ADC, T2, FLAIR (T2 inayozima ishara ya maji ya ubongo), na T2* kutafuta damu. Wanaojifunza wajue kwamba ADC iliyoshuka si mali ya kiharusi peke yake. Degedege refu linashusha ADC, hasa hipokampasi na gamba, na mara nyingi pande zote mbili. Sukari iliyoporomoka vilevile. Kabla ya kuandika "kiharusi" pima sukari, shinikizo la damu, figo, tezi ya adrenali na ya shingo. Mara nyingi chanzo hakipatikani, na hilo si aibu ya daktari.

---

MbishiWaMaabara

Nimefurahi umeitaja 1.5. Je, mashine ya binadamu inaweza kupiga panya akiwa kwenye saa ya kwanza? Wengi hawana Tesla 7.

---

Koili_Ndogo

Inaweza, kwa masharti. Tatizo la kwanza si sumaku, ni gradienti.

b = γ²G²δ²(Δ − δ/3), ambapo G ni nguvu ya gradienti, δ ni urefu wa kila pigo lake, Δ ni muda kati ya mapigo mawili, na γ haibadiliki. Mashine ya wanyama yenye 400 mT/m: δ ya ms 3 na Δ ya ms 10.7 inakupa b 1000, TE inabaki chini ya 30. Mashine ya binadamu yenye 40 mT/m: kwa b ileile unahitaji δ ya ms 20 na Δ ya ms 28.5. TE inaruka hadi 65 na kuendelea. Rudi kwenye hesabu ya Nyuzi37 uone TE ya 65 inakufanyia nini.

Basi: koili (antena ya kupokea ishara) ya kiganja au kijikoili cha duara cha sm 3 hadi 4 juu ya fuvu, kipande cha mm 2, pikseli za mm 0.5 hadi 0.8, wastani mwingi, dakika 8 hadi 10. Kiini cha kiharusi cha ateri nzima ya kati utakiona. Ukingo sahau. Ukiwa na hiari ya mnyama, sungura au paka wanaitendea haki mashine hiyo kuliko panya. Kwa paka mshipa hufikiwa kwa kupitia tundu la jicho, upasuaji mwingine kabisa.

Mtego wa koili ya juu: ishara inafifia kadiri unavyoshuka chini ya ubongo. Ishara ya b 1000 ikikaribia sakafu ya kelele haishuki tena, inalala juu ya sakafu. Programu inaona mshuko mdogo, inaandika ADC ya chini. Unapata kiharusi cha kelele! Weka uwiano wa ishara kwa kelele kwenye picha ya b 1000, si ya b0, na eneo lililo chini ya 5 lifutwe kwenye ramani.

---

FundiMishipa

Kuna hili la kurudisha damu linawachanganya wengi.

Panya akizibwa nusu saa na uzi ukatolewa, ADC inapanda na kurudi karibu na kawaida ndani ya saa moja hivi. Mtu anaandika "ameokoka". Saa kadhaa baadaye ADC inashuka tena palepale, na kesho yake striatamu imekufa. Pampu zilirudi, ila mitochondria zilikuwa zimeshaumia. Picha moja ya baada ya kurudisha damu si ushahidi wa kuokoka. Piga na ya saa 24.

Na ya siku ya pili ina mtego wake: kwa panya ADC ya eneo lililokufa inapanda tena na kupita kwenye kawaida ikielekea juu karibu na saa 48, kwa sababu seli zinapasuka na maji yanakuwa huru. Kwa binadamu hilo huchukua wiki na zaidi. Siku hiyo tumia T2, maana ADC itakuambia hakuna kitu.

Kuthibitisha kwa rangi: vipande vya mm 2, TTC (rangi ya kutambua tishu hai) 2%, nyuzi 37, dakika 10 hadi 30, ukivigeuza katikati. Nzima nyekundu, iliyokufa nyeupe. Msikate ubongo saa ya pili mkashangaa umekuwa mwekundu wote wakati ADC ilikuwa nyeusi. TTC inategemea vimeng'enya vya mitochondria ambavyo bado vipo saa hizo. Picha haijadanganya, rangi ndiyo imewahi mno. Saa 24 ndiyo wakati wake.

Ujazo wa saa 24 usahihishwe kwa uvimbe: chukua nusu ubongo nzima, toa sehemu isiyokufa ya nusu iliyozibwa. Vinginevyo unapima maji.

---

Takwimu_Tu

Kingine: wanyama waondolewe kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kuanza. "Asiye na mshuko wa ADC dakika ya 30 anatoka" ni kanuni nzuri kama dawa inatolewa BAADA ya picha hiyo. Dawa ikitolewa kabla, umewatupa waliopona kwa dawa. Na anayechora mipaka asijue nani kapata nini. Dawa ya NXY-059 ilivyopendeza kwa wanyama halafu jaribio la pili kubwa la binadamu likaanguka, watu walirudi kuangalia hasa mambo haya madogo ya kupangwa kwa bahati na kufichwa kwa makundi.

---

MbishiWaMaabara

Maswali mawili ya mwisho. (1) Ramani ya ADC nzima imekuwa giza pande zote mbili kwenye marudio ya tatu. (2) Kwenye ramani nyingine kuna doa la giza kwenye gamba nje ya kiharusi, dakika tatu baadaye halipo. Kelele?

---

Nyuzi37

(1) Angalia mapumuzi na moyo kabla ya kuangalia programu. Moyo ukisimama, ADC ya ubongo mzima inaporomoka ndani ya dakika chache. Kama anapumua vizuri, angalia joto. Kama joto ni 37, angalia gradienti: zikichemka zinasogeza mzunguko wa kati na kusahihisha vibaya mizimu ya EPI. Kanuni ya haraka: giza linalofuata ramani ya ateri moja ni la mnyama, giza la pande mbili zinazofanana huenda ni la mashine, la joto, au la kifo.

(2) Huenda si kelele. Ukingo wa kiharusi unatoa mawimbi ya seli kupoteza chaji, yanayotambaa kwenye gamba kwa mm chache kwa dakika, na ADC inashuka panapopita kisha inarudi. Kila wimbi linaila penumbra. Ukipiga DWI ya haraka ya mkupuo mmoja kila sekunde 15 hadi 20 badala ya wastani wa dakika tatu, utaliona likisafiri. Wastani mrefu unalipaka doa hafifu tu, kama ulivyoliona.

---

Koili_Ndogo

Kabla hamjamlaumu mnyama kwa lolote, pimeni maji. Mrija wa ml 15 wa maji yaliyochemshwa kuondoa hewa, ndani ya chombo cha barafu iliyopondwa na maji, saa nzima hadi utulie kwenye nyuzi 0. ADC isome 1.1 kwa kila upande wa gradienti. Ukisoma 1.1, 1.1 na 1.25, upande wa tatu haujasawazishwa, na kila kizingiti mlichojadili humu hakina maana hadi urekebishwe. Viputo vya hewa mrijani vinaharibu kipimo, uguseguse ukutani kabla ya kufunga kifuniko.

---

MbishiWaMaabara

1.12, 1.09, 1.21.

---

Koili_Ndogo

Upande wa tatu. Rudia baada ya kuwaita mafundi wa gradienti, na ramani zote za tangu walivyosawazisha mara ya mwisho zihesabiwe upya kwa b halisi ya kila upande.